Ukianguka, Uko na Nani?

Mdogo wangu amefika kilele cha Kilimanjaro mara nyingi mpaka ameacha kuhesabu. Kazi yake ni kupandisha wageni. Alianza kama mpagazi, mabegi ya watu kichwani, baadaye akasomea uongozaji na kupata leseni. Miaka yote hiyo mlima haujampa hata kovu moja. Kovu alilonalo, refu kama kidole, liko mkono wa kushoto, na alilipata jikoni kwa mama, siku mbili kabla ya Krismasi, akichemsha maji ya chai. Mama alikuwa nje anamkatia ng'ombe majani. Aliposikia sufuria inadondoka alidhani ni paka.

Ile ilikuwa mara ya pili. Mara ya kwanza aliangukia bafuni kwenye chumba alichopanga mjini Moshi, akaamka ulimi una kidonda, akajiambia ni uchovu wa msimu. Hii ya pili ilikuwa na shahidi, tena shahidi mwenyewe mama, kwa hiyo hapakuwa na pa kujificha. Tukaenda hospitali, akafanyiwa kipimo cha umeme wa ubongo, daktari akatamka neno ambalo mama hakulirudia mpaka tulipofunga mlango wa nyumbani. Kifafa.

Wiki mbili baadaye nikiwa nimesharudi Dar, alinipigia usiku.

"Dada, wewe ndio msomaji. Nitafutie mtu mmoja tu mwenye hiki kitu ambaye aliendelea."

"Aliendelea na nini?"

"Si mlima. Au chochote cha namna hiyo. Mmoja tu."

Mimi ni mwandishi wa habari, na kutafuta watu ndiyo kazi yangu, kwa hiyo nilidhani ni suala la jioni moja. Nilitaka kumpata shujaa, nimtumie picha yake kwa WhatsApp, nilale. Nimekaa na jambo hili karibu mwaka mzima. Mashujaa niliwapata, tena wengi kuliko nilivyotarajia. Shida ni kwamba kadiri nilivyowasoma ndivyo kila mmoja alivyokataa kuwa jibu nililolitaka.

Kabla ya kuanza nao, neno moja kuhusu lugha yetu. Kiswahili hakisemi tu kwamba mtu "anaugua" kifafa. Tunasema "anaanguka". "Yule mtoto wa jirani huanguka." Ukimwambia mtu hivyo hahitaji maelezo zaidi. Neno linataja kile kinachoonekana na watu wengine, na papo hapo linaleta maswali yake: anaangukia wapi? Na nani yuko pale? Nilichelewa kugundua kwamba maswali hayo mawili yamebeba karibu kila kitu nilichokuja kukisoma.

Nianze na mchezo ambao wengi wetu hatuujui, besiboli ya Wamarekani. Hauhesabiki kuwa mchezo wa hatari, lakini kuna dakika moja ndani yake ambayo sikuweza kuiruka. Ni Oktoba 1926, New York, mechi ya mwisho ya fainali. Timu ya St. Louis inaongoza 3 kwa 2. Wenyeji, Yankees, wamejaza vituo vyote vitatu. Pigo moja zuri na ubingwa unageuka. Kocha wa St. Louis anamwita mrushaji mwenye miaka 39, Grover Cleveland Alexander, mzee kabisa kwa mchezo ule. Mbele yake anasimama kijana aliye katika msimu wake wa kwanza, Tony Lazzeri. Alexander anarusha, Lazzeri anapiga mpira mrefu unaotoka nje ya mstari kidogo tu, kisha anakosa, anatoka. St. Louis wanachukua kombe. Wapenzi wa mchezo ule bado wanaisimulia dakika hiyo.

Kumbe wote wawili, anayerusha na anayepiga, walikuwa na kifafa.

Alexander alikuwa amepigana Ufaransa mwaka 1918 katika kikosi cha mizinga, akarudi masikio yameharibika na kifafa kikimwandama. Alikunywa sana pombe, na watu wote walijua anakunywa. Waliomwandikia maisha yake wanasema alipoyumba au kuanguka, watazamaji walidhani amelewa, na yeye aliona heri waamini hivyo. Nimeusoma mstari huo mara nyingi. Mwanaume anachagua kuitwa mlevi mbele ya uwanja mzima ili asiitwe jina lile lingine. Na tusicheke, maana hata kwetu mlevi anakaribishwa harusini.

Lazzeri naye aliishi na kifafa chake miaka yote ya kucheza, wachezaji wenzake wakijua na waandishi wa habari wakinyamaza. Hakuna kumbukumbu kwamba aliwahi kuanguka uwanjani katikati ya mechi. Alifariki mwaka 1946, akiwa na miaka 42, nyumbani kwake California. Alikuwa peke yake. Mkewe alikuwa safarini, aliporudi akamkuta amelala kwenye ngazi. Rasmi ilisemwa ni moyo. Wengi waliomjua waliamini ni kifafa. Chochote kilichotokea, kilitokea kwenye ngazi za nyumba yake.

Mfano mwingine unaofanana na huo ni wa Florence Griffith Joyner, mwanamke ambaye rekodi zake za mita 100 na 200 za mwaka 1988 zimedumu miongo mingi. Septemba 1998, akiwa na miaka 38, alipata kifafa usingizini, uso ukalala kwenye mto, akakosa hewa. Mwanamke aliyekimbia kuliko wote alifia kitandani. Madaktari wanajua leo kwamba vifo vya ghafla vya wenye kifafa hutokea zaidi usiku, mara nyingi mtu akiwa amelala peke yake.

Nilimweleza mdogo wangu habari hizi. Akasema, "Sasa dada, hao wote wamekufa." Nikamwambia sawa, ngoja nitafute walio hai.

Marion Clignet alizaliwa Marekani mwaka 1964, wazazi wake Wafaransa. Akiwa na miaka 22 aliambiwa ana kifafa na akanyang'anywa leseni ya gari kwa muda, kama sheria za kule zinavyotaka. Sasa afike vipi kazini? Akanunua baiskeli. Yaani mchezo uliompa jina aliuanza kama usafiri, kwa sababu ya ugonjwa wenyewe. Baada ya miaka michache alikuwa miongoni mwa wanawake wenye kasi zaidi nchini mwake, lakini kwa maelezo yake, wakuu wa mchezo wa Marekani hawakutaka kumchukua timu ya taifa wakijua anaanguka. Akatumia uraia wa wazazi wake, akaanza kuichezea Ufaransa mwaka 1991, na mwaka huohuo akawa katika kikosi cha wanawake wanne kilichotwaa ubingwa wa dunia wa mbio za timu za kushindana na saa. Alimaliza na mataji sita ya dunia na medali mbili za fedha za Olimpiki, Atlanta 1996 na Sydney 2000.

Ninachompendea Clignet ni mdomo wake. Hakuficha. Alisema mbele ya vyombo vya habari kwamba ana kifafa, anakunywa dawa, na yuko hapa. Hiyo haikuwa rahisi, kwa sababu wakuu wa mchezo walikuwa wametoka kwenye enzi ya kukataza. Mwaka 1968 Chama cha Madaktari wa Marekani kilishauri wenye kifafa wasicheze michezo ya kugongana, kwa hofu kwamba kugongwa kichwa kutaamsha ugonjwa. Mwaka 1974 chama hichohicho kikabadili ushauri, kikasema wengi wao wanaweza kucheza iwapo ugonjwa umedhibitiwa. Miaka sita tu. Fikiria mtoto aliyekuwa na miaka 12 mwaka 1968: alipofika 18 aliambiwa, samahani, kumbe ungeweza.

Lakini baiskeli si mlima, na mdogo wangu alitaka mlima, au kitu chenye ugumu wa mlima. Hapo ndipo nilipokutana na Diane Van Deren, na hapa nitakaa kidogo.

Van Deren ni Mmarekani wa Colorado. Akiwa mtoto wa miezi 16 alipata degedege refu sana. Likapita, akakua, akawa mchezaji wa tenisi wa kulipwa, akaolewa, akazaa. Akiwa na mimba ya mtoto wa tatu, karibu na miaka 30, kifafa kikaibuka. Kovu lililoachwa kwenye ubongo na lile degedege la utotoni lilikuwa limelala miaka yote hiyo. (Mama zetu wanaosema "degedege ni la watoto, litaisha" wana haki mara nyingi, lakini si mara zote.) Kwa miaka kadhaa Van Deren alianguka mara nyingi, nyakati nyingine mara kadhaa kwa wiki, dawa zikishindwa.

Lakini alikuwa na onyo. Si kila mtu mwenye kifafa hulipata: hisia ya ajabu mwilini, kama mchonyoto, dakika chache kabla. Yeye alivumbua tiba yake mwenyewe. Akihisi onyo, anavaa raba zilizokaa tayari mlangoni, anatoka mbio kuelekea msituni. Akikimbia, kifafa hakiji. Kwa maelezo yake, hakuwahi kuanguka hata mara moja akiwa anakimbia. Siku nyingine alikimbia saa nyingi, maana hakujua kama ni salama kusimama. Sijui kama kuna mwanzo wa mchezo unaoshangaza kuliko huu. Wengine tunaukimbia ugonjwa kwa maneno tu, mwenzetu aliukimbia kwa miguu.

Siku moja onyo likaacha kuja, au likaja limechelewa. Raba zikakosa kazi. Mwaka 1997 madaktari walifungua fuvu lake wakatoa kipande cha ubongo upande wa kulia, pale kifafa kilipoanzia. Tangu hapo hajaanguka tena.

Kipande kile hakikuondoka peke yake. Van Deren alipoteza uwezo wa kushika kumbukumbu za karibuni, wa kusoma ramani, wa kujua ni muda gani umepita. Nyumbani anapotea kwenye ratiba za siku. Njiani hupotea kweli, kwa hiyo hujiwekea alama ili aweze kurudi alikotoka. Ni baada ya upasuaji huo, wala si kabla, kwamba aliingia kwenye mbio ambazo marathoni ni kama mazoezi yake. Mwaka 2009 alikimbia na kutembea maili 430, karibu kilomita 700, kutoka Whitehorse hadi Dawson City kule Yukon, Kanada, katikati ya baridi kali, akikokota sleji yenye chakula na malazi. Alikuwa mwanamke wa kwanza kuimaliza njia ile. Mwaka 2012 alivuka jimbo la North Carolina kwa miguu, kutoka milimani mpaka baharini, njia ya karibu maili 1,000, kwa siku 22 na saa chache.

Wanaomwandika hupenda kusema kwamba ni hasara yenyewe iliyompa uwezo: kwa kuwa hana hesabu ya muda, hajui amekimbia saa ngapi wala zimebaki ngapi, basi hachoki kwa kuwaza. Huenda kuna ukweli. Mimi napata shida na simulizi hiyo, inapendeza mno. Mtu asiyeweza kukumbuka likizo aliyokwenda na watoto wake ametoa kitu, na kukigeuza kuwa siri ya ushindi ni kumfanyia haraka.

Nilipomtumia mdogo wangu habari za Van Deren alifurahi, akatuma alama za moto, akasema "huyu sasa!" Nikalazimika kumharibia furaha. Huyu, nikamwambia, haendelei akiwa na kifafa. Kifafa chake kiliondolewa kwa kisu. Wakati bado anaanguka alikimbilia msituni tu, karibu na nyumbani. Yukon ilikuja baadaye. Mashujaa ni wasaidizi wabaya wa maamuzi, kwa sababu tunaona walipofika, hatuoni walichoacha kufanya.

Akanyamaza siku tatu.

Katika siku hizo tatu nilirudi kwenye historia ya hapa nyumbani, ambayo kwa kweli nilipaswa kuanza nayo. Mwaka 1960 daktari mmoja Mnorwe, Louise Jilek-Aall, alianzisha kliniki ya kifafa huko Mahenge, kusini mwa Morogoro, katika nchi ya Wapogoro. Alikuta ugonjwa huu umeenea sana katika milima ile, na alikuta pia wagonjwa walivyoishi: wakila peke yao, kwenye vyombo vyao, wengine wakilala kwenye vibanda vya pembeni. Watu waliamini kifafa huambukiza kwa mate na povu, kwa hiyo mtu akianguka, waliokuwepo walikimbia. Hata akiangukia motoni waliogopa kumgusa. Jilek-Aall alieleza makovu ya moto aliyoyaona kwa mgonjwa baada ya mgonjwa. Aliwaanzishia dawa ya fenobabitali, dawa ya zamani na ya bei nafuu, na wengi waliacha kuanguka au walipungua sana.

Miaka 30 baadaye yeye na daktari Mtanzania, Rwiza, walifuatilia wagonjwa 164 wa kliniki ile. Zaidi ya nusu walikuwa wameshafariki. Na katika vifo hivyo, zaidi ya nusu vilihusiana na kifafa chenyewe: kuanguka kusikokoma, kuzama majini, kuungua.

Niliisoma orodha hiyo nikiwa nimekaa kwenye kibaraza, nikaona jinsi swali langu lilivyokuwa la mtu wa mjini. Nilikuwa nimeuliza kama mtu mwenye kifafa anaweza kuendelea na mchezo wa hatari. Mwanamke wa Mahenge mwaka 1960 hakuwa na mchezo. Alikuwa na mafiga matatu na moto katikati. Alikuwa na mto wa kuchota maji. Hakuna kamati iliyokaa kumkataza kupika, na hakuna aliyemwita shujaa alipoivisha ugali na kuupakua salama.

Madaktari wa kifafa wa dunia walipokaa kupanga michezo, katika ripoti yao iliyochapishwa mwaka 2016, waliigawa katika makundi matatu kwa kipimo kilekile: ukianguka pale, nini kitatokea, na kitampata nani. Kukimbia uwanjani kumo kundi la kwanza, lenye hatari ndogo. Baiskeli na kuogelea vimo kundi la pili: unaweza kuumia wewe, si wenzako. La tatu ni la kupanda miamba, kupiga mbizi, kuruka kwa mwavuli, mbio za magari; hapo unaweza kujiua na hata kuua mwingine. Kisha wanaangalia mengine: unaanguka mara ngapi, umekaa muda gani bila kuanguka, kuna onyo, unaanguka ukiwa macho au usingizini, unakunywa dawa kweli. Ni maswali mazuri. Nilipoyapitia nikagundua jiko la mama, kwa kipimo hicho, linastahili kundi la pili.

Na sitaki kuwafanyia wepesi wanaokataza. Wana sababu. Maji hayana huruma kabisa: tafiti zimeonyesha wenye kifafa huzama mara 15 mpaka 19 zaidi ya wengine, na wengine huzama kwenye beseni la kuogea. Mtu akiniambia anataka kupiga mbizi na kifafa ambacho hakijadhibitiwa, nitamshika shati.

Siku ya nne mdogo wangu alipiga simu, nikamuuliza swali ambalo nilikuwa sijamuuliza tangu mwanzo. Nani kazini anajua?

"Hakuna."

"Hata mmoja?"

"Dada, wakijua sipandi tena. Kuna vijana mia wanasubiri nafasi yangu pale getini."

Nilimkumbuka Alexander na pombe yake. Tukagombana. Nilimwambia kwamba Marangu mpaka Horombo sina neno naye. Njia ni pana, watu wanapita, ukianguka unaangukia kwenye vumbi na kuna mtu wa kukugeuza ubavu. Ninachokiogopa ni usiku wa kilele. Kibo, kwenye mita 4,720, wageni wanaamshwa karibu na saa sita usiku, wanapanda gizani kwenye changarawe mpaka alfajiri, na mwongozaji hajalala. Na kukosa usingizi, pamoja na kusahau dawa, ni vichokoo viwili vikubwa kabisa vya kifafa. Kwa hiyo ratiba yenyewe ya kazi yake, mbali na urefu wa mlima, inamtegea. Tena nyuma yake kuna mgeni kutoka Ujerumani ambaye amelipa ili ashikwe mkono. Huyo naye hajui. Kundi la pili au la tatu, mdogo wangu?

Alikata simu. Mama ndiye aliyetusuluhisha, kwa njia yake. Alinipigia akaniambia kitu ambacho hakuwa amemwambia mtu. Asubuhi ile ya jikoni, alipofika mlangoni na kumkuta mwanawe anatetemeka chini, mkono umegusa kuni zenye moto, alisimama. Hakujua ni kwa muda gani. Alikuwa ameliona povu. Bibi yetu alimfundisha akiwa mdogo kwamba povu lile haliguswi. "Nilisimama," alisema. "Mtoto wangu." Halafu akaingia, akamvuta.

Sikuwa na la kumwambia. Nilijifanya mtandao umekatika.

Mdogo wangu aliposimuliwa na mama mwenyewe, hakukasirika. Alikwenda akamfundisha. Alimweleza alivyofundishwa hospitali: msogeze mbali na moto na vitu vigumu, mlaze ubavu, usimtie kijiko mdomoni, angalia saa, ikipita dakika tano ita gari. Mama sasa anayajua kwa mpangilio kuliko mimi. Juzi nimemkuta anawafundisha wanawake wa jumuiya, baada ya sala, akitumia mjukuu kama mgonjwa. Mtoto anacheka mpaka analia.

Kwenye mlima imekuwa hivi. Alimwambia mtu mmoja, kiongozi wa msafara aliyemlea tangu akiwa mpagazi. Nilitarajia moja kati ya mawili, afukuzwe au akumbatiwe, kama kwenye filamu. Yule mzee alimsikiliza, akamuuliza anakunywa dawa gani na saa ngapi, akasema dada yake marehemu naye alikuwa anaanguka. Kisha akamwondoa kwenye usiku wa kilele. Anapanda mpaka Kibo, analala, anawapokea wageni asubuhi wakishuka wamechoka na midomo imepasuka. Wale wanaofika kileleni ndio wanaopewa bahshishi nzuri zaidi. Kwa hiyo amepoteza pesa, na amepoteza kitu kingine asichopenda kukitaja. Anasema ni kama kipa wa akiba.

Miezi tisa hajaanguka. Daktari ana matumaini, hasemi zaidi ya hapo. Mwezi wa pili alipanda peke yake kwa ajili yake mwenyewe. Ninaposema peke yake nina maana bila wageni, maana alikwenda na yule mzee na rafiki mmoja anayejua. Walilala Kibo usiku mzima. Waliondoka kumekucha, jua limeshatoka, wakati ambao hakuna mtu anayekwenda kileleni. Aliweka kengele ya simu kwa ajili ya dawa, saa mbili asubuhi, na ilipolia walikuwa juu ya Pango la Hans Meyer, kwenye changarawe. Alinitumia video. Hakuna cha maana ndani yake: upepo, pumzi nzito, mkono wenye glavu unahangaika na kifuniko cha chupa ya maji, na sauti ya yule mzee nje ya picha inasema, "Umeza kwanza, mangi. Mlima haukimbii."